Miezi mitatu ya kiingereza cha jioni Mtwara, nimetoka na digadi moja

Watu watatu wiki hii wameniuliza kama lile darasa la kiingereza la jioni mitaa ya Chikongola linafaa au ni kupigwa tu, kwa hiyo naandika mara moja ili mtu mwingine akiniuliza nimtumie hii. Nimekaa pale miezi mitatu mizima na nimekosa siku mbili tu, zote nilikuwa na homa. Jina la mahali sitaji, kuna malalamiko yanakuja na mwalimu ni mtu mzima, tunamwamkia shikamoo tukiingia na tukitoka, sitaki aone nimemwanika. Wanaojua watajua.

Mi nauza spea za pikipiki, plagi, cheni, beringi, tyubu, madigadi, na kilichonipeleka darasani ni aibu. Mwanzoni mwa mwaka nilipata namba ya jamaa wa nje anayeuza spea kwa jumla, tukawa tunaandikiana WhatsApp, mi na kiingereza changu cha form two, yeye na chake ambacho nacho ukikiangalia unaona sio cha kuzaliwa nacho. Siku moja kaniuliza "How many do you need?" Sasa hiyo "do" ndo iliyonimaliza. Mi najua "do" ni kufanya, nikaisoma sentensi mara nne, nikajiridhisha kwamba jamaa anauliza natengeneza ngapi, nikamjibu kwa kujiamini kabisa "I not do, I sell". Alikaa kimya siku mbili. Shemeji yangu anayesoma chuo alipoiona hiyo meseji alicheka mpaka akakaa chini kwenye maboksi ya tyubu, na jioni ile ile nikaenda kuulizia ada.

Ada ni elfu thelathini kwa mwezi, Jumatatu Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa mbili usiku. Ni banda nyuma ya nyumba ya mwalimu, benchi za mbao, ubao mmoja mweusi wa zamani, taa moja, na mbu ambao kwa kweli wao hawakosi hata kipindi. Kwenye bango nje wameandika utaongea kiingereza ndani ya siku 90. Huo ni uongo, niseme mapema kabisa, siku 90 zangu zimeisha na nikikutana na mzungu pale Mikindani bado najifanya naongea na simu. Mazoezi ya kuongea hayapo. Tuko watu kumi na tisa, kila mtu anapata zamu ya kusema sentensi moja au mbili kwa kipindi, na kuna kaka mmoja wa bandarini akipewa zamu haachii. Halafu fotokopi unalipia pembeni, shilingi mia mbili karatasi, hilo bango halisemi.

Kwanini sasa bado naenda? Kwa sababu ya zile hadithi za mwalimu, ambazo kama ningejua ndo zinazouzwa pale ningelipa kwa ajili yake peke yake.

Wiki ya pili alituuliza kila mtu anafanya kazi gani. Nikasema spea. Akaniuliza umoja wa madigadi ni nini. Nikasema digadi, si digadi moja, madigadi mawili, kila siku watu wanakuja dukani wanasema hivyo. Akaandika ubaoni "mudguard". Akaikata katikati, "mud" ni tope, "guard" ni kinga, kinga ya tope, halafu akatuuliza hiyo "ma" ya madigadi imetoka wapi? Daah. Kumbe hiyo ma sio yetu, ni kipande cha tope la mzungu, sisi tulivyosikia "ma" mwanzoni tukaona bila shaka ni wingi kama madirisha na makabati, tukaiondoa kupata umoja. Mi nauza kitu miaka saba sijui kwamba jina lake limekatwa kichwa! Na kipilefti hivyo hivyo, imetoka kwenye "keep left" ya kibao cha barabarani, tukaona kuna ki, basi viwili tukaviita vipilefti.

Darasa zima tukacheka, tukaona sisi ndo washamba. Mwalimu akatuacha tucheke tukamaliza, ndo akaandika "pea". Njegere. Akasema zamani Waingereza walikuwa wanasema "pease", na hiyo ilikuwa ni njegere hata kama ni moja, ile s ya mwisho ni sehemu ya jina. Lakini kwao s mwishoni ndo alama ya wingi, basi wakaanza kuisikia kama wingi, mtu anajiuliza kama hizi ni "pease" basi moja itakuwa "pea", na kufikia karne ya 17 hilo neno lililokatwa mkia likashika mpaka leo. Yani wamefanya digadi kabisa! Sisi tumekata mbele wao wamekata nyuma, basi.

Baada ya hapo nilikuwa siendi tena kwa ajili ya WhatsApp.

Kuna siku alituletea "nickname", jina la utani. Ukiliangalia unadhani kuna kitu kinaitwa "nick". Hakuna. Zamani lilikuwa "eke name", "eke" maana yake nyongeza, jina la nyongeza, na kwa vile linaanza na irabu walikuwa wanasema "an eke name", ukilisema haraka haraka ile n inaruka inakaa upande wa pili, "a neke name", miaka ikaenda ikawa "nickname". Na "apron" ndo kinyume chake, ilikuwa "napron" kutoka kifaransa, n ikahamia nyuma ikawa "an apron". Dada mmoja anayefanya kazi mgahawani alikuwa amevaa aproni siku ile ile, katoka kazini moja kwa moja, akajiangalia kifuani kama vile kaibiwa kitu.

Na "children" mnaijua, si ndiyo? Kila shule tuliambiwa ikariri tu, ni ya ajabu, usiulize. Huyu mzee alituuliza: nyie hamsemi mavitu? Tunasema, "ana mavitu mengi huyo". Si vitu tayari ni wingi, hiyo ma ya nini? Basi "children" ndo mavitu. Walikuwa na "childer", ambayo ilikuwa tayari ni watoto, baadaye watu wakaona haijatosha wakaongeza na "en" ile iliyopo kwenye "oxen", wingi juu ya wingi. Tangu siku hiyo sijaisahau.

Ile "do" yangu nayo nilipata jibu lake, ingawa nilisubiri mpaka mwezi wa pili maana nilikuwa naona aibu kusimulia. Mwalimu hakucheka, aliguna tu. Akasema hiyo "do" kwenye swali haina maana yoyote, ni kijiti cha kusimamishia swali, kama sisi tunavyoweka "je" mbele, na zamani hawakuwa nayo, mtu alikuwa anageuza maneno tu, "What say you?", na kukataa alisema "I know not". Enzi za Shakespeare zote mbili zilikuwepo, ya "do" na isiyo na "do", unachagua mwenyewe. Maana yake ningekuwa naagiza spea miaka 400 iliyopita nisingeaibika. Nilimwambia hivyo, ndo akacheka.

Ila kilichonigusa zaidi ni "you". Bibi yangu mzaa mama ni Myao wa Masasi, na yule mkwe wake hakuwahi kumsemesha kwa umoja hata siku moja, hata yuko peke yake mlangoni anaongea naye kama ni watu wawili, sisi watoto tulikuwa tunachungulia kama kuna mtu mwingine nyuma. Sasa mwalimu anasema "you" ilikuwa ni nyinyi. Mtu mmoja alikuwa anaitwa "thou". Halafu ikaja heshima, mkubwa huwezi kumwambia "thou", unamwambia "you" kama vile wako wengi, na heshima ikasambaa, kila mtu hataki kumkosea mwenzake, mpaka "thou" ikabaki kwa Mungu na kwa matusi, mwisho ikapotea kabisa kwenye mazungumzo. Ndo maana mpaka leo ni "you are" hata kwa mtoto mmoja, wanamwambia nyinyi mpo. Mzungu anamheshimu mpaka mbwa wake na hajui.

Na ile s ya "he goes" inayotutesa wote, kaka wa bandarini alisema kwa hasira hii s wameiweka kutukomesha. Mwalimu akasema hapana, hii ni masalia. Kiingereza cha kale kila mtu alikuwa na mwisho wake kwenye kitendo, kama sisi tulivyo na ni na u na a mbele, nakwenda, unakwenda, anakwenda. Yakachakaa. Yakadondoka moja baada ya jingine, ikabaki ya yule mmoja tu wa pembeni, tena hiyo s yenyewe imetoka kaskazini ya Uingereza, kusini walikuwa wanasema "goeth". Ukiifikiria hivyo, kama jino moja lililobaki kwa babu, inakuwa huruma sio hasira.

Spelingi tulikaa nazo wiki nzima na hapo sikumsifia sana, alikuwa anaandika mengi anafuta haraka. Nilichokishika ni "debt", deni, kwa vile mi nina daftari la madeni dukani nene kuliko daftari la mauzo. Ile b haisomwi na haikuwahi kusomwa. Neno lilitoka kifaransa likiwa "dette", halina b, wasomi wa kule wakaja baadaye wakataka lionekane linatoka kilatini, "debitum", wakaichomeka b ya mapambo. Na "island" ni mbaya zaidi maana s yake ni ya makosa kabisa. Neno ni lao wenyewe la asili, halikuwa na s, wakalifananisha na "isle" ambalo ndo lenye ukoo wa kilatini, wakalivalisha s isiyo yake. Kwa hiyo ukiandika Kilwa Kisiwani "is an island" ukakosea ukaacha s, wewe ndo uko sahihi kwa babu zao. Usijaribu kwenye mtihani lakini.

Halafu kuna hizi za msimu. Tulikuwa mwezi wa kumi, mjini hakuna habari nyingine zaidi ya minada ya korosho, kila mtu anasubiri msimu ufunguliwe ili wanaodaiwa walipe (nami nikiwemo kwenye kusubiri, lile daftari). Mwalimu akaandika "monsoon". Zile pepo, kusi na kaskazi, zilizoleta majahazi mpaka Mikindani. Akatuuliza neno hilo tunalijua kwa kiswahili? Kimya. Akasema mmelitamka tangu asubuhi. Ni msimu. Kiarabu "mausim", wakati maalumu wa mwaka, sisi tukalichukua likawa msimu, Wareno wakalichukua upande wao likazunguka huko mpaka likafika Uingereza likiwa "monsoon". Ni ndugu wa tumbo moja hawajuani. Na korosho yenyewe, "cashew" ni neno la Watupi wa Brazil lililopitia kwa Wareno, na Zanzibar wanapoita mkorosho mkanju ni neno lile lile limeshuka kwenye jahazi lingine.

Hapo akafungulia. "Admiral" ni amiri, yule yule wa amiri jeshi. "Tariff" na taarifa ni shina moja la kiarabu, kujulisha. "Magazine" ilikuwa ni ghala, nyumba ya hazina, na hazina nayo imo humo humo, halafu kule London 1731 wakaita gazeti lao hivyo kwa maana ni ghala la habari. "Alcohol" ni "al-kuhl", yani wanja! Ule unga wa kupaka macho, likaja likawa unga wowote uliosagwa laini, kisha kitu chochote kilichochujwa mpaka kikawa safi, mwisho pombe. Shehe mmoja tunayesoma naye hii ya mwisho aliiandika kwenye kiganja kabisa.

Wangekuwa wanasikiliza vizuri Waingereza nao pia wangejua kwamba safari ni yetu, na ule mchezo wa vijiti vya mbao unaoitwa Jenga ni kujenga tu, dada wa kizungu aliyekulia huku Afrika Mashariki aliupeleka sokoni London 1983 na jina la kiswahili hakulibadilisha. "Okay" sasa, hii mi nimeipenda kwa vile ina vijana wetu ndani. 1839, gazeti moja la Boston Marekani, kulikuwa na fasheni ya kufupisha maneno kwa kuyaandika vibaya makusudi, wakaandika o.k. wakimaanisha "oll korrect", kila kitu sawa, herufi zote mbili za makosa. Wale wadogo zetu waliokuwa wanaandika "xaxa mambo vp" mkawatukana mnasema wameharibu lugha, bahati yao mbaya tu haikuvuma.

Sasa malalamiko makubwa, na hili ndo linanifanya nisimpe nyota tano.

Huyu mzee ana hadithi nzuri ila sio zote za kweli. Alituambia "news" ni North, East, West, South, habari za pande zote nne. Nikaiamini, nikaenda nayo dukani nikawasimulia bodaboda wote, nikapewa na soda. Shemeji yangu yule yule wa maboksi ya tyubu akasema hiyo ni ya uongo shemeji. Nikagombana naye. Tukaangalia kwenye kamusi kubwa ya chuoni kwao, na kweli ni ya uongo, "news" ni "new" tu, mpya, imewekewa s ya wingi, mambo mapya, walifuata mfano wa kifaransa. Hakuna dira humo. Nikajisikia nimeuziwa plagi feki.

Ijumaa nikamuuliza kwa adabu, mwalimu shikamoo, naomba kuelekezwa. Akanijibu kwamba yeye kafundishwa hivyo na akaendelea na somo. Nilichukia. Elfu thelathini yangu ni ya beringi kadhaa. Na ile ya "salary" nayo, eti askari wa Roma walikuwa wanalipwa mifuko ya chumvi. Chumvi imo kwenye neno kweli, "sal" ya kilatini, ila hiyo ya kulipana chumvi mkononi haina ushahidi, hapo ni watu wameitia chumvi wenyewe.

Jumatatu iliyofuata umeme ulikuwa umekatika, tumekaa na tochi za simu, mama wa jirani kaleta ming'oko ya kuchemsha kwenye beseni tunakula gizani, mwalimu akaingia na karatasi mkononi. Akasimama muda. Akasema, "Wanangu, lile neno la habari nilifundishwa vibaya nikiwa kijana, nami nimelifundisha hivyo hivyo miaka yote, mwenzenu yuko sahihi." Akaandika "new", akaweka s, akapiga mstari chini. Hakuna aliyesema kitu, hata yule kaka wa bandarini. Mi nilikuwa natafuna ming'oko, nikashindwa kumeza, maana ni mzee wa umri wa baba yangu na ninavyojua mi wazee wa huku kukubali kosa mbele za watu kumi na tisa sio jambo dogo.

Kwa hiyo nyota tatu na nusu. Kama una intavyuu mwezi ujao usiende, tafuta pengine wanakofundisha kuongea, pale utatoka unajua kwanini "children" iko vile na huwezi kuagiza chai. Kama una haraka usiende. Kama unataka cheti usiende, cheti chenyewe ni karatasi ya fotokopi na hiyo pia unailipia. Ukienda beba mafuta ya mbu, kaa benchi la kulia mbali na choo, na usikae karibu na kaka wa bandarini.

Jamaa wa nje tumepatana tena. Juzi kaniuliza "How many do you need?" nikamjibu "sixty", safi kabisa, moyo unadunda. Akauliza tena "Sixty pairs or sixty pieces?" na hapo nikamwambia asubiri mpaka Jumatano. Mwezi wa nne nimeshalipa, noti tatu za elfu kumi kumi, ila risiti ya mwezi wa tatu mpaka leo sijapewa.